Kuchagua kati ya Focal Stellia na Sony MDR-Z1R

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unasikiliza ofisini huku umevaa miwani, na kwamba kati ya hedifoni hizi mbili, dukani MDR-Z1R ilikuvutia kuliko Stellia kwa sababu ya besi yake. Sishangai, kwani Sony waliiwekea spika yenye kipenyo cha milimita 70, na besi yake hushuka chini ikiwa nzito, ingawa matoazi na herufi “s” ya mwimbaji huweza kuchoma sikio. Stellia, ambayo Focal waliitoa mwaka 2019 ikiwa na spika ya milimita 40 yenye kuba ya metali ya berili, humsogeza mwimbaji karibu zaidi, na kwa masikio yangu ndiyo bora.

Hata hivyo, ulisawazisha ukubwa wa sauti? Stellia ina ukinzani (kiasi inachozuia umeme) wa omu 35 na MDR-Z1R omu 64, hivyo kitufe cha sauti cha amplifaya kikibaki palepale Stellia hulia kwa nguvu zaidi, na sikio hupenda kusifu chenye sauti kubwa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni miwani. Mkono wake huinua mto wa hedifoni nyuma ya sikio, na kupitia mwanya huo besi huvuja. Rudi dukani, sikiliza kipande kimoja cha gitaa la besi ukiwa umevaa miwani, kisha uivue bila kugusa kitufe. Hedifoni ambayo besi yake itabadilika sana usiinunue, hata kama ndiyo uliyoipenda.