Griini zinaungua kila kaskazi: nitumie mbolea gani?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nasimamia nyasi kwenye uwanja wa gofu hapa Tanga, karibu na bahari. Kila ikifika Januari griini (zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo la mpira) zinageuka manjano, ncha za majani zinakauka kama zimebabuliwa na moto. Tunamwagilia kila jioni kwa maji ya kisima. Juzi nimeongeza urea, hali ikazidi kuwa mbaya. Nitumie mbolea gani? (Msimamizi, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kwa sasa usitumie yoyote, na hiyo urea iliyobaki ifungie stoo.

Kesho asubuhi ichague griini iliyo mbaya kuliko zote, upige magoti, uchimbue kipande cha ukubwa wa kiganja. Ukikuta utando mweupe juu ya udongo, na mizizi yote imejibana sentimita mbili tatu za juu, adui wako ni chumvi. Kaskazi inakausha na mvua hakuna. Visima vya pwani navyo, maji baridi (yasiyo na chumvi) hukaa juu ya maji ya bahari. Ukivuta sana kwa pampu, ya chini yanapanda. Halafu unanyunyiza kidogo kila jioni: maji yanapaa na jua la kesho yake, chumvi inabaki. Urea isiyo na maji ya kuishusha imekuja kuunguza palepale palipokuwa na kidonda.

Dawa ni kumwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, tena alfajiri. Jioni unalaza nyasi na unyevu usiku kucha, na ukungu unapenda hivyo. Panga makopo matupu matano juu ya griini, fungua maji, kisha pima kwa rula. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo griini ya mita za mraba 400 ikipata milimita 25 imekunywa lita 10,000. Wengi wakipima hivi wanashtuka: walidhani wanamwagilia, kumbe wanatimua vumbi. Mwaga kwa awamu ili maji yazame, yasitiririke. Usikatize ghafla ratiba ya kila siku. Anza kwa kuruka siku moja moja, maana mizizi haishuki kwa wiki moja.

Kabla ya kumwaga, toboa udongo wa griini. Kama huna mashine, nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha inatosha, kina cha sentimita 10. Kazi ya kuchosha, najua. Mashine ya kukatia ipandishe hadi milimita 8. Wachezaji watalalamika kwamba mpira hautembei. Waache walalamike hadi masika.

Masika ndiyo kazi kubwa. Mvua za Machi hadi Mei zinaosha chumvi bure, ili mradi maji yapate pa kupenya. Toboa tena zikishatulia, tandaza mchanga mwembamba wa mtoni, ndipo mbolea irudi, kidogo kidogo, maana mvua kubwa huibeba yote. Mchanga wa ufukweni usiuguse hata kama uko hatua mia kutoka shimo la mwisho. Utarudisha chumvi ileile kwa toroli.

Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba, nyasi zinapunguza mwendo. Ng'oa ndago wakati huo, pamoja na vile viazi vyake vya chini. Ukivuta majani tu umeipogoa, itachipua tena. Vuli unarudia ya masika kwa kiasi kidogo.

Ukoka huvumilia chumvi vizuri, lakini chumvi ya udongo ikipita desisimensi 7 kwa mita (ndicho kipimo cha chumvi) huanza kudumaa (bahari yenyewe ni kama 50). Nyasi aina ya paspalamu huvumilia zaidi, na vipandikizi vyake hupandwa mwanzo wa masika. Ila usinunue bado. Maji ya kisima hicho yapime Februari, uyapime tena mwishoni mwa Mei. Yakipungua chumvi sana, jenga tangi la mvua la kukuvusha kaskazi. Yakibaki vilevile, badilisha nyasi.