Kwa mwalimu aliyeuliza kuhusu dinosauri na watoto wadogo: anza na nyayo

Mwalimu mwenzangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una watoto wa miaka mitano na sita, una wiki mbili za mada ya dinosauri, una picha za ukutani na wanyama wa plastiki wa kuchezea, na kufikia siku ya tatu somo limegeuka kunguruma na kukimbizana. Mimi nimefundisha umri huo kwa miaka mingi na mada hii nairudia karibu kila mwaka. Nitakueleza yaliyonifaa na yaliyoniharibikia.

Kunguruma kusikusumbue. Mtoto ananguruma kwa sababu hatujampa jambo jingine la kufanya na mnyama huyo. Tumempa jina gumu na picha ya meno, basi. Lakini fikiria: hakuna binadamu aliyewahi kumwona Tyrannosaurus akitembea. Yote tunayoyajua yamesomwa kwenye mifupa, meno, mayai na nyayo zilizogeuka mawe. Kazi hiyo ya kusoma alama ndiyo inayowafaa watoto, na wanaiweza kuliko tunavyodhani. Siku hizi wiki nzima ya kwanza sitaji jina la dinosauri yeyote, isipokuwa mtoto akilitaja mwenyewe.

Naanza na nyayo. Tandaza mchanga mbichi nje, sehemu ndefu ya hatua kumi hivi, usawazishe vizuri. Watoto wote wageuke, mmoja apite pekupeku akitembea, mwingine apite akikimbia. Kisha wageuke tena na uwaulize: hapa pamepita nini? Watakisia ovyo mwanzoni. Wewe jibu kila kisio kwa swali moja tu, "Umejuaje?" Baada ya muda mfupi wataanza kuinama. Wataona kwamba aliyekimbia ameruka mbali kati ya unyayo na unyayo, na vidole vyake vimezama. Wape kamba wapime. Hawachezi tu hapo: mwaka 1976 mwanasayansi Mwingereza R. McNeill Alexander alionyesha jinsi ya kukadiria mwendo wa dinosauri kwa urefu wa hatua na ukubwa wa unyayo. Watoto wako wanafanya kazi ileile kwa kamba.

Siku inayofuata mimi hufika mapema na kupiga nyayo za vidole vitatu kwa mguu niliouchonga kwenye ubao, kubwa na ndogo, zikienda pamoja. Darasa lote hupiga kelele, "Mama na mtoto!" Mwaka mmoja mtoto mkimya sana alisimama pembeni akasema, "Labda huyu mdogo alipita kesho yake." Nilimshika mkono nikamleta mbele arudie. Wenzake walibishana hadi muda ukaisha, na mmoja akagundua kwamba kuna mahali unyayo mdogo umekanyaga juu ya mkubwa. Ukipata nusu saa kama hiyo katika wiki mbili, mada yako imefaulu.

Uchimbaji ndio kila mtu anaupenda, na ndio ulioniharibikia. Mara ya kwanza nilifukia mifupa ya bandia ndani ya jasi tupu. Ilipokauka ikawa jiwe. Watoto waligonga kwa vijiko mpaka wakachoka, mmoja akavunja kipande chake akalia, na sikuwa na cha kumwambia. Sasa natumia mchanga mwingi na jasi kidogo tu ya kuushikanisha, na kila mara nachimba tonge la majaribio mwenyewe kabla ya kuwapa. Jasi ichanganywe na mtu mzima, mbali na watoto. Vumbi lake si zuri kwa mapafu, na inapoganda inatoa joto la kuweza kuunguza ngozi, kwa hiyo mtoto asitie mkono wala mguu humo kupiga chapa. Chapa za mikono na majani tunapiga kwenye donge la unga na chumvi: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, maji kama kikombe kimoja ukiyaongeza polepole. Ila donge hilo usilifukie kwenye mchanga wenye unyevu, linalainika. Cha kufukia kiwe plastiki au udongo uliochomwa.

Kabla hawajagusa kitu, gawa sanduku la mchanga kwa nyuzi liwe na vyumba vyumba, na kila kundi lichore karatasi yenye vyumba hivyohivyo. Mfupa ukionekana, hautolewi mpaka uchorwe mahali pake. Watoto watalalamika siku ya kwanza. Shikilia sharti hilo, kwa sababu baadaye wakipanga mifupa yao mezani, mchoro ndio utakaowaambia kwamba mkia ulikuwa upande ule.

Tena usifukie mifupa yote. Acha kadhaa makusudi. Wakati wa kupanga, mfupa mmoja wenye ncha kama mwiba utabaki bila mwenyewe, nao watauweka kichwani. Hapo ndipo ninapowapa hadithi ya Iguanodon. Gideon Mantell wa Uingereza alimpa mnyama huyo jina mwaka 1825 akiwa na meno yake, na baadaye mwiba mmoja akauweka puani kama pembe. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, 1878, wachimba makaa huko Bernissart, Ubelgiji, wakakuta mifupa ya Iguanodon wengi, mingine ikiwa kamili, na mwiba ukaonekana ulikuwa kidole gumba. Waambie watoto wainue vidole gumba vyao, kisha waviweke puani. Watacheka, halafu wataitazama upya mifupa yao iliyo mezani. Sikuambii uwasahihishe. Waache wahamishe mwiba wenyewe.

Kuhusu ukubwa, namba hazimwambii kitu mtoto wa miaka mitano. Mwonyeshe kwa kamba. Kata mita 12 kwa Tyrannosaurus, walale chini wakifuatana mpaka kamba ijae. Kisha kata mita moja kwa Compsognathus, mkia ukiwa ndani, maana wengi wanaamini kila dinosauri alikuwa mkubwa kama nyumba. Mrefu kwenda juu ninayemtumia ni Giraffatitan, aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania, na msafara wa Wajerumani wa miaka ya 1909 hadi 1913. Mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha mzungu mwenye kofia, kwa hiyo mimi huwaambia watoto waziwazi: waliochimba walikuwa mamia ya wafanyakazi Waafrika, msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa vichwani hadi bandarini Lindi. Hapo tunafanya zoezi la chaki. Kila mtoto anapewa kipande cha chaki, ndio mfupa wake, pamoja na karatasi laini na kitambaa. Aufunge awezavyo, aubebe kuzunguka uwanja, aufungue mbele ya wenzake. Walioharakisha hukuta chaki imekatika vipande viwili. Wataalamu nao huvika mifupa kitambaa kilichochovywa kwenye jasi kabla ya kuihamisha, na watoto huelewa sababu bila kuelezwa.

Zoezi la muda kwa karatasi ya chooni lifanye kama una watoto wa miaka sita wengi, vinginevyo liruke. Kipande kimoja ni miaka milioni moja, ukianzia leo na kurudi nyuma. Ukikunjua vipande 66 umefika siku za mwisho za Tyrannosaurus, na Stegosaurus yuko mbali huko kwenye kipande cha 150, kwa hiyo wawili hao hawakupigana kamwe, hata picha zikisema vinginevyo. Binadamu wa leo ni kama theluthi ya kipande cha kwanza.

Watakuuliza walikufaje, na kuna watakaoogopa. Waambie ukweli kwa sauti ya kawaida. Jiwe kubwa kutoka angani, upana wake kama kilomita 10, lilianguka panapoitwa leo Chicxulub, Meksiko. Vumbi na moshi vikaziba jua, mimea ikafa, waliokula mimea wakakosa chakula, na waliowala hao nao vilevile. Tunadondosha gololi kwenye sinia la mchanga wenye tabaka la unga wa rangi juu, waone jinsi vumbi linavyoruka na shimo linavyobaki. Mtoto akiuliza kama litaanguka jingine kesho, mwambie wako watu ambao kazi yao kila usiku ni kutazama anga kwa darubini wakitafuta mawe ya namna hiyo. Hilo huwatuliza kweli.

Kisha siku hiyohiyo, usingoje kesho, waletee kuku aliye hai, aliyeshikwa na mtu anayemjua. Watazame magamba ya miguu yake na vidole vitatu vya mbele, wamwachie apite kwenye mchanga mbichi. Unyayo wake ni ule waliousoma wiki iliyopita. Ndege wametokana na dinosauri wadogo wala nyama, na tangu 1996, alipotangazwa Sinosauropteryx wa China mwenye manyoya laini mwilini, picha za dinosauri zimebadilika sana. Wape rangi wachore upya wale wa ukutani.

Kwa siku ya mwisho nakupa hadithi ya dinosauri aitwaye Oviraptor. Alipatikana Mongolia mwaka 1923 juu ya kiota, akaitwa "mwizi wa mayai" kwa kudhaniwa alikwenda kuiba. Mwaka 1993, ndani ya yai la aina ileile, pakaonekana kijusi cha jamii yake mwenyewe. Alikuwa ameyalalia mayai yake. Mimi huisimulia hadi kwenye neno mwizi, nanyamaza, nawaonyesha kiota cha udongo chenye mayai na mama juu yake, na kungoja. Mwaka jana haikupita dakika, sauti ikatoka nyuma ya darasa: "Mwalimu, umejuaje kwamba aliiba?"