Mwanangu, anza na Ramayana, na uanze kwa masikio

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeipata nikaisoma na kuirudia. Umepata nafasi Pune, India, masomo bado hayajaanza, na hamu imekujaa mpaka usingizi unakupaa. Waniuliza mambo mawili: uanze na upi kati ya Ramayana na Mahabharata, tenzi kuu mbili za kale za India, na kama si kuwavunjia Wahindu heshima, mtu wa dini nyingine kusoma vitabu vyao vitukufu kama fasihi.

Anza na Ramayana. Ina beti zipatazo 24,000 katika vitabu 7, ilhali Mahabharata hukaribia beti 100,000 katika vitabu 18. Tena kisa chake kinashikika: Rama anapelekwa msituni miaka 14 kwa sababu ya ahadi ya baba yake, mkewe Sita anaibwa na Ravana mfalme wa Lanka, na Hanuman anaruka bahari kwenda kumtafuta. Ila kabla hujafungua kitabu, sikiliza. Tafuta rekodi ya mtu anayeghani kwa Kisanskriti, lugha ya kale zilimotungwa, hata kama hutaelewa neno. Ubeti wao, shloka, una silabi 32, zimegawanywa vipande vinne vya nane nane. Sasa hesabu ubeti wa utendi wetu: vipande vinne, mizani nane nane. Sisemi kwamba mmoja umeuzaa mwingine. Wao hawafuati vina, wanapima silabi nzito na nyepesi. Lakini sikio lililokulia kwenye tenzi halitakuwa geni huko.

Wenyewe husimulia kwamba Valmiki, mtungaji wa Ramayana, alimwona mwindaji akimpiga mshale ndege dume aliyekuwa na jike wake. Jike akalia. Valmiki akashikwa na uchungu, akamlaani mwindaji, na laana ile ikamtoka kinywani ikiwa imekwishajipanga katika mizani. Ubeti wa kwanza ndio huo. Nimefundisha ushairi maisha yangu yote ya kazi na sijui mwanzo mzuri kuliko huu.

Halafu ingia Mahabharata, na usiende mbio kwenye vita. Vita vyenyewe ni siku 18 tu. Kaa kwanza katika ukumbi wa kamari. Yudhishthira, mfalme asifiwaye kwa haki, anacheza dadu na kupoteza mali, ufalme, ndugu zake, nafsi yake, kisha anamweka rehani Draupadi, mke wao ndugu wote watano, naye pia anapotea. Wanapotumwa kumleta, Draupadi anauliza: je, alijipoteza yeye kwanza au alinipoteza mimi kwanza? Maana aliyekwisha kuwa mtumwa, ana haki gani ya kumweka mtu rehani? Wazee wamejaa ukumbini. Bhishma, mwenye hekima kuliko wote, anasema tu kwamba njia ya dharma, yaani haki na wajibu, ni nyembamba mno, jibu hana. Draupadi anaburutwa kwa nywele mbele yao. Soma hapo polepole, mwanangu, hata wiki nzima.

Na hilo ndilo jibu langu la swali lako la pili. Utendi unaowaaibisha wazee wake mwenyewe mbele ya mwanamke anayedai haki, hauogopi maswali ya mgeni. Wahindu wenyewe wamebishana karne kwa karne kwa nini Rama alimwacha Sita akiwa mja mzito. Utamkuta pia Ekalavya, kijana wa msituni, ambaye mwalimu Drona alimdai kidole gumba cha mkono wa kulia kama ada, ili asimshinde Arjuna, mwanafunzi wake mpendwa, kwa upinde. Kisa hicho kinanichoma, mimi mwalimu. Uliza, na ukasirike panapostahili. Heshima yako iwe katika namna ya kuuliza: usiviite ngano mbele ya mtu anayevisali, na ile Bhagavad Gita, beti 700 zilizo ndani ya Mahabharata, isome ukijua kwamba kuna nyumba husomwa kila alfajiri.

Usitafute pia Ramayana moja iliyo ya kweli na nyingine za uongo. Kamban aliitunga kwa Kitamil, Tulsidas kwa Kiawadhi katika karne ya 16, na Java wana yao. Kwa Mahabharata una bahati ya pekee: Taasisi ya Bhandarkar iko hapo hapo Pune. Wataalamu wake walianza mwaka 1919 kulinganisha miswada, zaidi ya 1,200, ubeti kwa ubeti, na hawakumaliza hadi 1966. Wapo walioianza kazi wakafa kabla haijaisha. Nenda ukaione maktaba yao.

Muda ulio nao sasa, jifunze kusoma Devanagari, hati inayoandikiwa Kisanskriti. Herufi chache kila siku, kwa mkono, si kwa simu. Na ukishatulia huko, tenga likizo ya Septemba au Oktoba uende Ramnagar, ng'ambo ya mto Ganga kutoka Varanasi. Huigiza Ramayana kwa takriban mwezi mzima, mji wote ukiwa jukwaa, watu wakiwafuata waigizaji kutoka mahali hadi mahali, bila vipaza sauti, kwa mwanga wa karabai. Ni mbali na Pune, lakini nauli ya treni nitakutumia mimi.

Mama yako