Mandolini ya umeme kwa bei ya chini: maswali na majibu

Pesa yangu ni ya kuhesabu. Nichukue ya nyuzi nne au nane? (Mpiga solo, Katuba, Lubumbashi)

Kama unapiga kwenye bendi, chukua ya nyuzi nne. Nyuzi nane ni jozi nne, na utamu wake ni ule mrindimo wa nyuzi mbili zinazokaribia kulingana. Ampli ikipanda, mrindimo huo unageuka ugomvi, na kuvuta uzi kwa kidole ni mateso. Ya nyuzi nne huwa na mwili wa mbao nzima usio na tundu, kwa hiyo haipigi yowe ukisimama karibu na spika. Si mtindo wa juzi: Fender walitoa ya kwao mwaka 1956. Kwa kwaya, au kusindikiza gitaa kavu, nane ni sawa kabisa.

Usimalize pesa yote kwenye chombo. Bakiza ya nyuzi mpya na ya fundi, maana mandolini ya bei ya chini aghalabu hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu mno.

Nimeonyeshwa moja iliyotumika. Niikague vipi pale pale sokoni? (Kamalondo)

Anza na shingo. Bana uzi mzito kwenye freti (vile vyuma vya kukingama shingoni) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame freti ya 7. Pale pawe na nafasi ya karatasi moja au mbili za kawaida za kuchapishia, yaani milimita 0.1 hadi 0.2. Nafasi ikiwa kubwa, uliza kama kuna nondo ndani ya shingo ya kuirekebishia. Kama haipo na shingo imepinda, rudisha chombo kwa mwenyewe na umuage kwa salama.

Kisha piga kila noti hadi freti ya mwisho ukisikiliza mlio wa nyuki. Zungusha vitufe vya sauti: vikikwaruza, ni vumbi, dawa ya kusafishia vifaa vya umeme inatosha. Funguo za kukazia nyuzi zikiteleza ni gharama nyingine, zitoe kwenye bei.

Nyuzi za mandolini sizipati mjini. Nifanyeje? (Kampemba)

Nunua seti ya gitaa la umeme, ile ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi). Ndani yake mna 10, 13, 17, 26, 36 na 46. Weka 10 kwenye mi (uzi mwembamba kabisa), 13 kwenye la, 26 kwenye re na 36 kwenye sol (uzi mzito kabisa). 17 na 46 zinabaki akiba. Kwa mandolini ya kawaida, yenye sentimita 35 kutoka kizingiti (kipande chenye mifereji ya nyuzi juu ya shingo) hadi daraja (kinachobeba nyuzi juu ya mwili), mkazo unakubalika. La italegea kidogo kuliko wenzake, utaizoea.

Usiweke nyuzi za gitaa kavu zilizosokotwa kwa shaba. Pikapu ya sumaku, ile inayodaka sauti chini ya nyuzi, inasikia chuma na nikeli, shaba haiisikii, hivyo sol na re zitanong'ona wakati mi inapiga kelele.

Uzi wa gitaa una punje mwishoni. Kama chombo chako kina kulabu za kutundikia kitanzi, shika punje kwa koleo, ikate kwa mkasi wa waya, itoke. Kitanzi kilichobaki kinaingia kwenye kulabu. Vaa miwani, punje huruka.

Nikipita freti ya 12 kuelekea daraja kila noti inapotoka, na vidole vinauma. (Ruashi)

Hayo ni mambo mawili, na utaratibu wake haurukwi: shingo kwanza, halafu kimo cha nyuzi, mwisho daraja. Ukianza na daraja utairudia kazi.

Nondo ya shingo izungushwe robo mzunguko tu, kisha usubiri na kupima tena. Kuizungusha kufuata mishale ya saa kunainyoosha shingo.

Kimo: kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Weka mbili pamoja juu ya freti ya 12, chini ya nyuzi. Ziguse uzi wa mi bila kuuinua. Kwa sol acha upenyo wa unywele zaidi. Ukishusha kupita hapo, nyuki wanaanza. Vidole vikiuma kwenye freti ya 1 tu, kosa liko kwenye kizingiti: mifereji haijachimbwa vya kutosha. Mpe fundi mwenye tupa nyembamba. Akichimba kupita kiasi, uzi utalia ovyo hata ukiachwa wazi, na kizingiti ni cha kubadilishwa.

Sasa daraja. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, piga, usome tyuna ya simu. Halafu ubane hapo hapo na kupiga. Noti iliyobanwa ikiwa juu, uzi ni mfupi: rudisha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Milimita moja inasikika. Kama daraja halikugundishwa, badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote linaanguka na alama yake inapotea.

Ampli inavuma kama friji. (Mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ndani uko salama. Pikapu inadaka taa au chaja ya simu, jigeuze robo duara usikie. Usipopungua kwa nyuzi lakini ukapungua ukigusa chuma cha jeki, waya unaokwenda kwenye daraja umekatika: sehemu ndogo ya kulehemu.

Ukichomwa mdomoni kwa maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga mara moja. Ampli na mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) hazina ardhi ya pamoja. Mwite fundi umeme, na asikate mtu pini ya tatu ya plagi.

Naweza kupiga kwa gumba na shahada kama Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa kavu wa Katanga? (Kampemba)

Vidole vitakubali, hasa kwenye nyuzi nne. Besi ndiyo haipo: sol nzito ya mandolini ni ile ile ya uzi wa tatu wa gitaa, gumba halina pa kushukia. Mwachie mwenzako wa gitaa kazi hiyo, wewe ukae juu yake.