Maswali ya Wasomaji: Mabaki ya Kale na Nyaraka

Mwalimu wa shule ya msingi, Pasua, Moshi: Wanafunzi wangu wa darasa la tano wamesoma habari za mambo ya kale, lakini nauli ya kuwapeleka Olduvai, bonde linalochimbuliwa mabaki ya kale, hatuna. Naweza kuwatengenezea uchimbaji wa mfano hapa shuleni?

Unaweza, Mwalimu, kwa sharti moja: wachimbe kile tu ulichokizika mwenyewe. Wasichokoe pango wala kilima chenye vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, hata kikiwa nyuma ya choo cha shule. Palipochimbwa pamechimbwa, hapachimbwi mara ya pili.

Gongomea fremu ya mbao ya mita 1 kwa mita 1, kimo sentimita 35. Iweke chini, si juu ya meza, kwani ikijaa inapita kilo 400. Ndani weka matabaka matatu ya sentimita 10: chini udongo mwekundu, katikati mchanga wa mto, juu udongo mweusi wa shambani. Kila tabaka linakula ndoo 5 hadi 6 za lita 20, kwa sababu ukishindilia linashuka. Nyunyiza maji kidogo tu, udongo ulale hivyo usiku mmoja. Ukiwa mkavu kuta zinaporomoka. Ukilowa unang'ang'ania mwiko na matabaka yanachanganyika.

Tabaka la chini ndilo lenye somo. Panga mafiga matatu, katikati yake mkaa, kando mifupa ya mbuzi iliyochemshwa na chungu kimoja ulichokivunja, vipande vyake vyote visipotee. Tabaka la katikati weka gunzi lililoungua. Tabaka la juu, vizibo vya soda na sarafu. Kabla ya kufukia kila tabaka, chora ramani yako na uifiche.

Wawe wanne tu kwa fremu moja. Wawili wanachimba kwa mwiko wa mwashi ulioshikwa kwa ubapa, wakikwangua sentimita 2 kwa wakati mmoja eneo zima, wasitoboe shimo. Wa tatu anachekecha kwa wavu wa milimita 5. Wa nne anaandika kwa penseli. Kitu kikionekana kinaachwa palepale, kinapimwa umbali kutoka pande mbili za fremu na kina kutoka kwenye kamba iliyovutwa sawasawa juu yake, kisha kinachorwa. Ndipo kinatolewa.

Kosa litatokea, nawe liache litokee mara moja. Mtoto ataona ukingo wa chungu, atauvuta. Msimamishe, umuulize: kilikuwa ndani ya mafiga au nje? Kilikuwa kimelala au kimesimama? Hatakuwa na jibu, na hakuna mwingine atakayekuwa nalo. Mafiga yaliyoachwa mahali pake na mkaa wake yanasema hapa palipikwa. Yakitupwa kwenye ndoo ni mawe matatu.

Sarafu nayo ina mtego wake. Ukipata ya 1966, mwaka sarafu za Tanzania zilipoanza kutumika, watoto watapaza sauti kwamba tabaka ni la 1966. Hapana. Ni la 1966 au baadaye, kwa sababu sarafu huzunguka mifukoni miaka mingi kabla ya kudondoka.

Nauli ikipatikana, Arusha ni karibu zaidi: Makumbusho ya Elimu Viumbe yamo ndani ya Boma la Wajerumani la mwaka 1900. Wachimbe kwanza, waende baadaye. Watatazama kwa jicho jingine.

Msomaji wa Kibosho: Babu ameacha sanduku la bati lenye stakabadhi za kahawa, barua na picha. Nataka kutenganisha barua na stakabadhi, kisha nifanye lamineti zisiharibike.

Usifanye yote mawili. Mpangilio wa babu ni ushahidi. Barua aliyoichomeka katikati ya stakabadhi za msimu fulani huenda ndiyo inayoeleza deni au ugomvi wa mwaka ule. Ukiihamisha, inabaki barua tu. Kwa familia za wakulima wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoanza 1933, karatasi hizi zinaonyesha ushirika ulivyoonekana kutoka nyumbani kwa mkulima. Basi piga picha sanduku lilivyo, halafu toa karatasi moja moja, uzipe namba kwa penseli laini pembeni kwa kufuata zilivyopangwa.

Lamineti huunganisha plastiki na karatasi kwa moto, na kuitoa bila kuharibu ni shida kubwa. Selotepu hugeuka njano na gundi yake hupenya hadi kwenye wino. Pini yenye kutu inyooshe miguu kwa kisu chembamba kabla ya kuitoa. Ukiivuta inaondoka na kipande cha karatasi.

Adui wako huko mlimani ni unyevu wa masika. Karatasi zilizolowa zianikwe siku hiyohiyo kivulini penye upepo, kwa sababu ndani ya siku mbili ukungu unaanza. Zikikauka, tia kwenye bahasha za karatasi, si plastiki. Sanduku liinue sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Ukiskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha barua. Picha zipe 600.

Msomaji wa Mto wa Mbu: Tukichimba choo tumekuta vigae vingi. Tufanye nini?

Simamisheni kazi. Pigeni picha ya shimo na vigae vikiwa mahali pake, pembeni mweke rula. Msivioshe: masizi na mabaki ya chakula ndani ya kigae huweza kupimwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka mtoe taarifa, basi anzeni kwa mtendaji wa kijiji, naye apeleke kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Kuuza bila kibali ni kosa.

Wakati mnasubiri, fukieni kwa mchanga uliochekechwa, usio na mbegu. Nyayo za kale za Laetoli, kusini mwa Olduvai, zilipofukiwa baada ya uchimbaji wa kikosi cha mtafiti Mary Leakey, kifusi kilikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikaanza kuzitishia, na miaka ya 1990 ikabidi zifukuliwe, mizizi iondolewe, zifukiwe upya.