Namba 200000 iliyoniaibisha mbele ya jopo

Juzi mdogo wangu mmoja, mwanafunzi wa Goma anayehesabu kwa kompyuta jinsi maji yanavyopita, ameniandikia: «Yaya, kompyuta inatoa maji kidogo kuliko ninayopima kwa ndoo. Nimekosea wapi?» Nikafungua faili lake. Penye kuingilia maji ameweka shinikizo la paskali 200000, kama manometa, chombo cha kupima shinikizo, ilivyosoma bar 2. Penye kutokea, 101325, shinikizo la hewa lililo kitabuni. Roho ikaniuma upya, maana najua njia hiyo.

Nilikuwa mwaka wa mwisho hapa Bukavu, nikichunguza valvu ya bomba linaloshusha maji ya chemchemi hadi kwenye robine ya mtaa. Kwenye OpenFOAM, programu ya kuhesabu mwendo wa maji na hewa, nikaandika 200000. Ikakubali. Picha zikatoka nzuri, nyekundu na buluu, nikazichapisha kwa pesa yangu ya chakula. Mbele ya jopo, mwalimu mmoja akaweka kidole kwenye kipimo cha rangi: «Mita 440 kwa sekunde? Haya ni maji au risasi?» Ukumbi mzima ukacheka. Watu husema aibu hujenga. Mimi iliniumiza, na bado inauma.

Hakuna aliyenionyesha kosa. Nililipata mwenyewe: simpleFoam, sehemu ya OpenFOAM niliyoitumia, hushughulikia shinikizo lililokwisha kugawanywa kwa densiti, yaani kilo kwa kila mita ya ujazo. Juu ya faili la p, la shinikizo, paliandikwa [0 2 -2 0 0 0 0], yaani m²/s², nami nilipapita kila siku bila kupasoma. Kwa maji unagawanya kwa 1000, basi 200000 inakuwa 200. Nikarudia. Kasi kwenye koo la valvu, pale inapobana, ikashuka hadi mita 14, na bidoni la lita 20 likajaa kwa muda uleule kompyuta iliousema. Siku hiyo nililia.

Programu ya mdogo wangu inapokea paskali, kwa hiyo kosa lake ni lingine. Manometa haihesabu shinikizo la hewa ya nje. 101325 ni shinikizo la hewa yenyewe, tena ya usawa wa bahari. Goma, karibu mita 1500 juu, hewa ni kama paskali 85000. Kachanganya hizo mbili, tofauti kati ya kuingilia na kutokea ikabaki 98675 tu badala ya 200000, na maji yasiyobanika hufuata tofauti hiyo. Weka 0 penye kutokea! Ukianzia kwenye tangi lililotulia, weka shinikizo jumla (tuli pamoja na la mwendo), si tuli peke yake. Ukiijua kasi ya kuingilia, ifunge hiyo, yaani iwe namba isiyobadilika, na uache shinikizo la hapo lijitafutie. Usifunge vyote viwili mahali pamoja. Na jamani, acheni kunakili faili za wenzenu bila kusoma vipimo. Someni vipimo!

Jana jioni amebadilisha namba. Anangoja umeme urudi ahesabu tena.