Jibu: Kupata leseni ya makao ya watoto Dar es Salaam

Ndugu, umeuliza kama nyumba yako ya Kigamboni inaweza kuanza kupokea watoto wasio na walezi wakati maombi ya leseni yakiendelea. Haiwezi, na hata nia njema haitakukinga, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kabla ya mtoto wa kwanza kulala humo.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa yako, ambaye ndiye atakayekagua nyumba, kukueleza nyaraka zinazohitajika na, baadaye, kukuletea watoto. Mtoto aliyeletwa mlangoni na jirani hupaswi kumpokea kimyakimya, bali umtolee taarifa. Mkaguzi atatazama vyoo, nafasi ya kulala, usalama wa moto na idadi ya walezi, lakini kwa maoni yangu jambo linalowakwamisha wengi ni fedha: kodi, chakula na mishahara ya miezi ambayo mfadhili (kama yupo) amenyamaza.

Iwapo unakusudia kulea watoto wawili au watatu tu ndani ya familia yako, usifungue makao kabisa. Omba malezi ya kambo kupitia ofisi hiyo hiyo, kwani kisheria hiyo ni njia nyingine, na sera ya nchi huitazama familia kwanza, makao yakiwa kimbilio la mwisho.